Gari la kuja nalo au la kununua nchini? Hesabu haiishii kwenye bei

KWA muda mrefu watu wanaokuja Tanzania kufanya kazi, kujitolea, kusoma au kurejea nyumbani baada ya miaka ya ughaibuni wamekuwa wakikabiliwa na swali moja: waje na magari yao, au wayauze huko waliko na kununua mengine wakishafika?

Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa kulinganisha bei tu. Gari la huko limeshalipiwa na mwenyewe analijua vizuri, wakati gari la hapa limebeba mzigo wa kodi. Kwa hesabu hiyo ya juu juu, wengi huona ni heri kuja nalo.

Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Jambo la kwanza ambalo forodha hutaka kulijua kuhusu gari la kigeni ni kama litaondoka nchini, na lini. Bei hufuata baadaye. Anayeweza kujibu swali hilo la tarehe kwa uhakika hupata pia jibu la swali lake la awali. Anayelikwepa ndiye ambaye baada ya miezi kadhaa hujikuta na gari asiloweza kuliendesha kihalali, asiloweza kuliuza, na linalodaiwa kodi kubwa kuliko alivyotarajia.

Mji mdogo wa Chimala, wilayani Mbarali, kiasi cha kilomita 75 mashariki ya jiji la Mbeya, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Mji huo umekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, ambayo iliimarishwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kulazimika kutafuta njia nyingine ya kufika baharini. Hadi leo barabara hiyo ndiyo mshipa wa mizigo ya Zambia na ya kusini mwa Kongo.

Kwa sababu hiyo, magari ya kila hadhi ya kisheria hupita au hukaa Chimala. Yapo magari yaliyotoka bandarini Dar es Salaam yakielekea nje ya nchi, ambayo wananchi huyaita 'IT'. Yapo yenye nambari za Zambia, Malawi na Kenya, yaliyoingia kwa kibali cha muda. Yapo ya taasisi zilizopata msamaha wa kodi. Na yapo, kwa wingi kuliko yote, magari ya wakazi wenyewe: ya wafanyabiashara wa mpunga wa bonde la Usangu, ya watumishi na ya wasafirishaji wa abiria.

Kwa macho ya mpita njia, yote ni Toyota tu. Kwa sheria, kila moja ni kitu tofauti.

Mgeni mwenye tarehe ya kuondoka

Msingi wa suala hili umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo Tanzania inaitumia pamoja na nchi wenzake wa Jumuiya. Sheria hiyo inaruhusu mali kuingizwa nchini kwa matumizi ya muda bila kulipiwa ushuru wa forodha, kwa sharti kwamba itatolewa nje tena katika muda uliowekwa na Kamishna, usiozidi miezi 12.

Miezi 12 ni ukomo wa juu, si haki ya kila anayeingia. Kwa magari ya wageni, kibali kinachotolewa mpakani kwa kawaida huwa cha muda mfupi zaidi, na anayetaka kukaa zaidi hutakiwa kuomba nyongeza kabla cha kwanza hakijaisha. Kwa miaka mingi wasafiri wenye magari madogo wamekuwa wakilipa takribani dola 25 za Marekani kwa ajili ya kibali na mchango wa barabara. Ni fedha ndogo, na udogo wake ndio unaowafanya baadhi ya watu kudhani kuwa jambo lenyewe pia ni dogo.

Nyaraka zinazohitajika zinaeleweka: kadi ya gari ya nchi linakotoka, hati ya kusafiria na leseni ya dereva, na kama gari si lake, barua ya mmiliki inayomruhusu kuvuka nalo mpaka. Kwa upande wa bima, ipo Kadi ya Njano ya COMESA, inayomlinda mtu wa tatu atakayedhurika katika nchi nyingine. Itakumbukwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini iliendelea kushiriki katika mpango huo wa bima, hivyo kadi iliyokatwa Lusaka au Lilongwe inamfaa dereva anayefika Chimala.

Anayetoka mbali zaidi na kupita nchi nyingi hutumia kitabu cha dhamana kinachojulikana kwa jina la Kifaransa, Carnet de Passages en Douane. Chama cha wenye magari cha nchi yake hukitoa baada ya kupokea amana au dhamana ya benki. Kitabu hugongwa muhuri gari linapoingia katika kila nchi na hugongwa tena linapotoka. Muhuri wa kutokea ukikosekana, forodha hudai kodi yake kwa chama hicho, nacho hujilipa kutoka katika amana ya mwanachama.

Utaratibu huo unaonyesha wazi kuwa ushuru wa gari la mgeni haujafutwa, umesimamishwa. Deni lipo tangu siku gari linapovuka mpaka, na kinachokosekana ni amri ya kulilipa. Amri hiyo huja pale muda unapopita na gari bado liko nchini.

Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Gari likipata ajali mbaya Kitonga, likiharibika injini na kukosa kipuri, au mwenyewe akipatwa na maradhi na kusafirishwa haraka kwao, deni halifutiki kwa huruma. Ni lazima gari litolewe nje, lilipiwe kodi, au mamlaka ipewe taarifa na kuridhika juu ya hatima yake. Gari lililoachwa kwa rafiki ni gari lililovunja masharti, na sheria inaruhusu likamatwe.

Kodi kwa anayebaki

Upande wa pili ni wa anayenunua gari nchini, au anayeingiza gari moja kwa moja kwa matumizi ya kudumu. Huyu hukutana na kodi tatu kubwa zinazopandana moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ni ushuru wa forodha, ambao kwa magari ya kawaida ya abiria umekuwa asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na gharama za kulifikisha bandarini. Ya pili ni ushuru wa bidhaa, unaotegemea ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 na isiyozidi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi 2,000. Ya tatu ni Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, inayotozwa juu ya jumla ya vyote hivyo.

Aidha, gari dogo lililotumika kwa muda mrefu huongezewa ushuru wa uchakavu. Lililo na umri wa kati ya miaka 8 na 10 limekuwa likitozwa asilimia 15 zaidi, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Tofauti na Kenya, inayokataa kabisa magari yaliyozidi miaka minane, Tanzania imechagua kuyapokea na kuyatoza.

Kwa mfano, chukua gari lenye thamani ya shilingi 100 linapofika bandarini, lenye umri chini ya miaka minane na injini ya wastani. Ushuru wa forodha ni shilingi 25. Ushuru wa bidhaa, unaohesabiwa juu ya 125, ni shilingi 6 na senti 25. Kodi ya Ongezeko la Thamani inakuwa shilingi 23 na ushei. Jumla ya kodi inakaribia shilingi 55, bila kuhesabu tozo ndogondogo za reli na huduma za forodha.

Kwa gari lenye injini kubwa na umri unaozidi miaka 10, hesabu hiyo hiyo inafikisha kodi ya shilingi 106 na ushei. Kwa maneno mengine, Serikali huchukua zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Ni aina hiyo hiyo ya gari, yaani la juu lenye nguvu, ambayo watu wanaokwenda kufanya kazi Nyanda za Juu Kusini huitamani zaidi.

Wanaodhani kuwa risiti yenye bei ndogo itawasaidia nao hukosea. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika kwa kufuata aina, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, na haitegemei karatasi ya muuzaji peke yake.

Kodi isiyopotea yote

Ukiishia hapo, jibu linaonekana kuwa rahisi: kuja na gari ni nafuu. Lakini hesabu hiyo huacha jambo muhimu, nalo ni kwamba kodi iliyolipwa ndani ya gari haipotei yote siku inapolipwa.

Gari lililolipiwa kodi huingia sokoni likiwa na kodi yake ndani ya bei. Atakayelinunua baadaye yuko tayari kulipia kodi hiyo, kwa kuwa akiagiza la kwake kutoka Japani atalazimika kuilipa mwenyewe. Hivyo anayenunua gari Mbeya au Dar es Salaam, akalitumia mwaka mmoja na kuliuza, hurejeshewa sehemu kubwa ya kodi na mnunuzi anayemfuata.

Kurudi kwenye mfano wa awali, gari hilo limemgharimu mwenyewe shilingi 155. Ikiwa baada ya mwaka limeshuka thamani kwa asilimia 20, hasara yake ni shilingi 31. Aliyekuja na gari kama hilo bila kulipa kodi naye hakwepi uchakavu. Gari lake la shilingi 100 limeshuka kwa shilingi 20. Tofauti kati yao ni shilingi 11 tu.

Kwa gari la thamani ya dola 8,000, tofauti hiyo ni dola 880. Ni vigumu fedha hizo kutosha kusafirisha gari kwa meli kutoka Ulaya au Marekani kuja Dar es Salaam, kulipa wakala wa forodha na gharama za bandari, kisha kulirudisha kwa njia ile ile. Nauli ya meli, tofauti na kodi, hairejeshwi na mnunuzi yeyote.

Hali ni tofauti kabisa kwa anayetoka jirani. Mtu wa Lusaka, Lilongwe au Nairobi anayekuja kwa wiki mbili au miezi miwili halipi nauli ya meli. Anaweka mafuta na kuendesha. Kwake yeye kuja na gari ni jambo la busara, mradi arudi nalo. Kwa anayetoka ng'ambo kwa miezi michache, kukodi gari au kununua nchini humwepusha na gharama za kwenda na kurudi na pia na tarehe ya kibali inayomfuata nyuma.

Anayehamia moja kwa moja

Lipo kundi la tatu ambalo mara nyingi huchanganywa na hayo mawili. Hawa ni wanaohamisha makazi, wakiwamo Watanzania wanaorejea kutoka Uingereza, Marekani, Oman na kwingineko.

Kwao, Jedwali la Tano la sheria hiyo hiyo ya forodha linatoa msamaha wa ushuru kwa gari moja, ikiwa mwenyewe amelimiliki na kulitumia nje ya nchi za Jumuiya kwa muda usiopungua miezi 12. Basi au basi dogo la abiria zaidi ya 13 halimo, wala gari la mizigo linalobeba zaidi ya tani mbili.

Maneno yenye uzito hapo ni 'kulimiliki na kulitumia'. Gari lililonunuliwa Dubai mwezi mmoja kabla ya safari halikidhi sharti, hata kama mnunuzi ameishi Ghuba kwa miaka 20. Vivyo hivyo, gari lililokatiwa kadi kwa jina la ndugu halimfai anayerejea. Anayepanga kurejea hana budi kuanza maandalizi ya gari mwaka mmoja kabla.

Aidha, msamaha huo ni wa mtu, hauuzwi pamoja na gari. Mwenye msamaha akiliuza gari kwa asiyestahili, ushuru uliosamehewa hudaiwa.

Nambari hazibadilishi asili

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko mipakani, na chanzo chake ni ahadi za ushirikiano wa kikanda. Itakumbukwa kuwa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, Eneo Huru la Biashara la SADC likazinduliwa mwaka 2008, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki likafuata mwaka 2010. Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walifungua Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani cha Tunduma na Nakonde.

Mwananchi wa kawaida ana haki ya kuuliza: ikiwa mipaka imefunguliwa kiasi hicho, kwa nini gari la Zambia au la Kenya bado linahitaji kibali cha muda?

Jibu liko katika kanuni za asili ya bidhaa. Maeneo huru ya biashara huondoa ushuru kwa vitu vilivyotengenezwa ndani ya kanda. Toyota iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Zambia kwa kusajiliwa Lusaka. Ushuru uliolipwa Lusaka uliingia katika hazina ya Zambia, na hazina ya Tanzania haina sababu ya kuuhesabu kama wake.

Kwa magari yaliyosajiliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hoja inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu nchi hizo hutumia sheria moja ya forodha. Hata hivyo, kodi za ndani, yaani ushuru wa bidhaa na Kodi ya Ongezeko la Thamani, zimebaki mikononi mwa kila nchi, na kila nchi ina viwango vyake. Maadamu viwango hivyo havifanani, gari la nchi jirani litaendelea kuwa mgeni.

Wanaoumia na hali hiyo ni watu wa mipakani. Wanyamwanga wanaishi Tunduma na wanaishi Nakonde. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wametenganishwa na mto Songwe tu. Kwa familia hizo, kuvuka mpaka ni sehemu ya maisha ya kila wiki: msiba uko ng'ambo, shamba liko huku, duka liko kule.

Kibali cha muda kilitungwa kwa ajili ya mgeni anayekuja na kuondoka. Hakikumfikiria mtu ambaye ni mkazi wa upande mmoja na ndugu wa upande wa pili. Mkazi wa Mbeya anayeendesha gari la kaka yake lenye nambari za Zambia, hata kwa nia njema, machoni pa ofisa wa forodha ni mkazi anayetumia gari lisilolipiwa kodi. Kituo cha pamoja kimepunguza foleni, lakini hakijagusa mpaka huo wa kisheria kati ya mgeni na mkazi.

Serikali nayo ina hoja yake. Kama kila mkazi angeruhusiwa kutumia gari la nambari za nje bila ukomo, watu wa mikoa ya mpakani wangesajili magari kule ambako kodi ni ndogo na kuyatumia huku. Aliyelipa kodi yote Dar es Salaam angekuwa amefanywa mjinga.

Usukani na mlima wa Hamsini na Saba

Zaidi ya kodi, yapo mambo ya barabarani ambayo karatasi hazionyeshi. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa magari yenye usukani wa kulia. Magari ya Marekani, ya sehemu kubwa ya Ulaya na ya Ghuba yana usukani wa kushoto.

Katika barabara kuu ya Chimala, yenye njia moja kila upande na malori mengi, dereva aliyekaa kushoto hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita mpaka gari lake liwe limeshatoka kwenye njia yake. Kila anapopita lori hubahatisha, au humtegemea abiria aliyekaa upande wa kulia amwonee.

Kutoka Chimala huchepuka barabara ya kupanda kwenda Matamba, wilayani Makete, na kuendelea hadi Kitulo, ambayo mwaka 2005 ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Barabara hiyo hujulikana kwa jina la Hamsini na Saba, kutokana na idadi ya kona zake kali. Gari lisilo na nguvu, au lisilofahamika kwa mafundi wa eneo hilo, si gari la kupeleka huko wakati wa mvua.

Suala la vipuri lina uzito wake. Magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia yamekuwa mengi kiasi kwamba vipuri vyake, vipya na vilivyotumika, hupatikana Mwanjelwa jijini Mbeya na hata katika miji midogo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani likiharibika Chimala, kipuri chake huagizwa kutoka mbali na kungojewa kwa wiki, huku siku za kibali cha muda zikiendelea kuhesabiwa.

Misamaha na soko la pili

Chimala pia ina Hospitali ya Misheni, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kristo kutoka Marekani. Kama ilivyo kwa misheni nyingine nyingi za Nyanda za Juu Kusini, historia ya maeneo hayo haitenganishwi na wageni waliokuja kukaa miaka na kuhitaji magari ya kazi.

Kwa taasisi za aina hiyo, na kwa miradi ya wafadhili, utaratibu wa misamaha ya kodi umekuwapo kwa muda mrefu, na umekuwa ukizua mjadala. Juni 2009, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, alipendekeza katika bajeti kuibana misamaha hiyo, ikiwamo ya mashirika ya dini. Viongozi wa dini walipinga kwa nguvu, wakisema hospitali na shule zao zinawahudumia wananchi wote, na Serikali ikarudi nyuma.

Mjadala huo ulionyesha pande mbili zenye hoja za kweli. Gari la hospitali linalopeleka chanjo vijijini linafanya kazi ambayo vinginevyo Serikali ingeilipia. Lakini gari hilo hilo likiuzwa kwa mfanyabiashara bila kodi kulipwa, msamaha umekwenda kwa asiyestahili.

Hili linamgusa moja kwa moja mnunuzi wa mjini. Mgeni anapomaliza mkataba na kutangaza gari zuri kwa bei ya kuvutia, swali la kwanza la mnunuzi liwe kuhusu hadhi ya gari hilo forodhani. Je, liliingia kwa kibali cha muda, kwa msamaha, au lililipiwa kodi zote? Uthibitisho upatikane TRA kabla fedha hazijatoka mfukoni, kwa kuwa deni la kodi hulifuata gari hata likishabadilisha mikono.

Tahadhari hiyo inahusu pia magari ya 'IT'. Gari linalokwenda Zambia au Kongo chini ya dhamana ya wakala wa forodha halijalipiwa kodi ya Tanzania, na kuliuza njiani ni kosa. Wala haliruhusiwi kubeba abiria, ingawa wapo wasafiri wanaolipanda kwa sababu ni la haraka na nauli yake ni ya kupatana. Likipata ajali, abiria huyo hana tiketi wala haki ya wazi ya kudai.

Kinachoweza kurekebishwa

Hoja kwamba magari ya nje hutumia barabara bure haina nguvu kama ilivyokuwa zamani. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuhamishia mzigo huo kwenye mafuta. Tangu wakati huo, kila anayejaza tangi Igurusi au Makambako, awe na nambari za Tanzania au za Malawi, huchangia kwa kadiri anavyosafiri.

Hilo linatoa nafasi ya kulitazama upya suala la watu wa mipakani. Upo uwezekano wa kuwa na kibali maalumu kwa wakazi wa wilaya za mpakani, kinachoruhusu kuvuka mara nyingi ndani ya mwaka kwa eneo lililowekewa mipaka, bila kumfanya mkazi mmiliki wa gari la nje. Biashara ndogo ya mipakani imeshapewa taratibu zake rahisi. Usafiri wa familia haujapewa.

Jambo la pili ni taarifa. Viwango vya kodi hubadilika kwa bajeti inayosomwa kila Juni na kuanza kutumika Julai mosi, lakini mgeni anayepewa kibali Tunduma au Kasumulu mara nyingi huondoka na karatasi yenye tarehe tu. Maelezo mafupi kwa Kiswahili na lugha nyingine, yanayosema nini hutokea gari likiharibika na nyongeza inaombwa wapi, yangewaepusha wengi na hasara, na yangeiepusha TRA na magari yanayooza katika yadi zake.

Hadi mabadiliko hayo yatakapokuja, anayepanga safari ana mambo matatu ya kuyapima kabla ya bei: atakaa muda gani, anatoka wapi, na nani atalichukua gari siku atakapoondoka. Anayetoka nchi jirani kwa muda mfupi aje na gari lake na arudi nalo. Anayetoka ng'ambo kwa mwaka mmoja au miwili anunue gari lililolipiwa kodi, alitumie na kuliuza. Anayehamia kabisa ajiandae mwaka mmoja kabla, na afikirie usukani uko upande gani kabla ya kufurahia msamaha.